KIWANDA KIDOGO HUANZIA SHAMBANI
Shauri kwa wakulima wa skimu walio karibu na Sondu



Siku ya soko, ukisimama Sondu penye barabara itokayo Ahero kwenda Kisii, utaona mali ya kaunti tatu ikikutana. Mananasi yateremka kutoka Sigowet, upande wa Kericho. Viazi vitamu vyaletwa kutoka Kabondo, upande wa Homa Bay. Samaki na mchele vyatoka Nyakach na Ahero, upande wa Kisumu. Ng'ombe, mbuzi na kuku hufika kutoka pande zote.

Ukikaa mpaka alasiri utaona malori yakipakiwa. Viazi vimetiwa katika magunia ya lumbesa, yaliyoongezwa kichwa na kushonwa kwa kamba, hata mnunuzi alipa bei ya gunia moja naye achukua gunia na zaidi. Lori laondoka na viazi. Kesho yake lori jingine laleta mikate, biskuti na maji ya matunda ya chupa, na mkulima yule yule aliyeuza viazi na mananasi ndiye ayanunuaye.

Wakulima wengi huuliza: kwa nini kazi ya kugeuza mazao haya isifanyike hapa hapa, ili fedha zake zibaki kwetu? Jibu ni kwamba yawezekana, na Serikali ina mipango ya kuwasaidia watu wenye nia hiyo. Lakini wako waliopata mashine wakakosa kazi ya kuipa, na wako waliopata mkopo wakabaki na deni tu. Kwa hiyo twataka kukueleza misaada iliyopo, na namna ya kuitumia kwa utaratibu, usije ukahatarisha shamba ulilolipata kwa jasho.

SERIKALI IMEFANYA NINI

Mambo haya si mapya. Mwaka wa 1967 Serikali ya Kenya iliunda shirika la KIE ili kuwasaidia wananchi kuanzisha viwanda vidogo. Shirika hilo lilijenga mitaa ya viwanda katika miji, Kisumu ukiwamo, mahali ambapo fundi aliweza kupata chumba cha kazi, shauri na mkopo. Mwaka wa 1992 Bunge lilipelekewa waraka maalumu wa sera juu ya biashara ndogo na mafundi wa jua kali. Mwaka wa 2012 ikapitishwa Sheria ya Biashara Ndogo, nayo ikaunda mamlaka ya kuzisimamia, iitwayo MSEA. Kwa sheria hiyo, biashara yenye watu chini ya 10 huhesabiwa kuwa ndogo kabisa, na yenye watu 10 hadi 50 huhesabiwa kuwa ndogo. Basi hata kina mama watano wanaokausha viazi ni watu wanaotambuliwa na sheria.

Tena iko taasisi ya KIRDI, yenye tawi lake Kisumu, ambayo kazi yake ni utafiti wa viwanda. Mtu anayetaka kujua namna ya kuhifadhi maji ya nanasi yasichache, au mashine gani inafaa kuponda viazi, aweza kuwauliza wataalamu wake kabla ya kutoa senti moja kwa muuza mashine.

Mwaka wa 2023 ulianza mpango mkubwa zaidi, wa kujenga katika kila kaunti mahali pa kukusanyia mazao na kuyatengeneza. Gharama ya kila mahali ilikadiriwa kuwa Sh. milioni 500, nusu itoke kwa Serikali Kuu na nusu kwa kaunti. Katika Homa Bay mahali palipochaguliwa ni Riwa, upande wa Karachuonyo.

Umeme nao upo karibu. Mto Sondu, unaotoka katika milima ya Mau, uliongozwa ndani ya shimo lililochimbwa chini ya mlima kwa urefu wa kilomita 6 na zaidi, ukaendesha mitambo ya Sondu Miriu yenye nguvu ya megawati 60. Maji yale yale yakitoka hapo huendesha mitambo ya Sang'oro ya megawati 21, iliyomalizika mwaka wa 2012. Lakini kuona nguzo za umeme si kuwa na umeme wa kiwanda. Nyaya za kuwasha taa nyumbani hazitoshi kuendesha mota kubwa. Uliza ofisi ya umeme kwanza kama laini iliyo karibu nawe yaweza kazi hiyo, na gharama ya kukufikishia ni kiasi gani. Ndipo ununue mashine.

JENGO SI KIWANDA

Wakulima wa skimu za Muhoroni na Koru hawahitaji kufundishwa somo hili. Kiwanda cha sukari cha Muhoroni kilifunguliwa mwaka wa 1966, na watu wakapanda miwa kwa bidii. Lakini mwaka wa 2001 viwanda vya Miwani na Muhoroni viliwekwa chini ya wasimamizi wa madeni. Mashine zilikuwapo, miwa ilikuwapo, na dohani ilionekana toka mbali. Ila hesabu haikusimama.

Kadhalika, tangu mwaka wa 2009 Serikali ilijenga vibanda vya jua kali katika maeneo mengi ya Bunge. Vingine vilipata kazi, lakini vingi vilikaa vimefungwa, kwa kuwa mashine, umeme au watu wa kuvitumia havikuwa tayari.

Twaelewa basi kwamba msaada wa Serikali ni kama mvua. Huliotesha shamba lililolimwa. Shamba lisilolimwa huota magugu.

TUPIGE HESABU YA VIAZI

Tuchukue mfano wa viazi vitamu, zao la kila nyumba huku kwetu. Bei tunazotaja ni za mfano tu. Wewe weka bei za soko lako.

Tuseme una kilo 100 za viazi, na bei yake shambani ni Sh. 20 kwa kilo. Hizo ni Sh. 2,000.

Watu wengi hufikiri kwanza juu ya unga. Lakini kiazi kina maji mengi, hasa kile cha rangi ya chungwa chenye vitamini A. Ukikimenya, ukikikausha na kukisaga, kilo 100 zitakupa unga wa kilo 20 hivi. Kwa hiyo katika kila kilo ya unga mna viazi vya Sh. 100. Ukiongeza kazi ya watu, kusaga na mifuko, tuseme Sh. 40, unga wako umekugharimu Sh. 140 kwa kilo. Sasa mwulize mwoka mikate ananunua unga wa ngano kwa bei gani. Ikiwa bei yake ni chini ya hiyo, hatanunua wako, hata akikusifu.

Iko njia nyingine. Viazi vyaweza kupikwa kwa mvuke, kumenywa, na kupondwa viwe rojo laini la kutiwa katika mkate pamoja na ngano. Hapo maji hayapotei. Kilo 100 za viazi hutoa rojo kilo 75 hivi. Basi kilo ya rojo ina viazi vya Sh. 27. Ongeza kazi, kuni au umeme, na vyombo, tuseme Sh. 15, jumla ni Sh. 42. Mwoka mikate hapunguzi ngano tu. Rojo lina utamu, rangi na maji yake, naye hupunguza sukari na maji katika unga wake.

Hasara yake ni moja: rojo huharibika upesi. Lisipopozwa au kutiwa dawa ya kuhifadhi chakula kwa kipimo cha wataalamu, halikai. Kwa hiyo rojo lataka mnunuzi ajulikane kabla viazi havijachimbwa.

HABARI YA RINGA

Jambo hili limekwisha jaribiwa karibu nasi. Ukitoka Sondu kwenda Oyugis utapita Ringa. Hapo kampuni ya Organi ilianza kutengeneza rojo la viazi vya rangi ya chungwa, na wataalamu wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi walisaidia kwa utafiti na mafundisho. Mwaka wa 2015 maduka makubwa ya Tuskys yalianza kuoka na kuuza mkate uliotiwa rojo hilo. Wakulima wa hapa walipanda viazi wakijua viendako, na mkate wa mjini ukawa na kiazi cha Kabondo ndani yake.

Lakini miaka michache baadaye Tuskys iliingia katika madeni, na katika mwaka wa 2020 na 2021 ilifunga matawi yake moja baada ya jingine. Fikiri, ndugu mkulima: kiazi hakikuwa na kosa, wala mkate haukuwa mbaya. Aliyeanguka ni mnunuzi. Kiwanda chenye mnunuzi mmoja husimama kwa mguu mmoja. Tafuta wanunuzi watatu au wanne, hata kama ni wadogo: mwoka mikate wa Sondu, mwoka maandazi wa Katito, shule ya bweni, hoteli ya Kisumu. Mmoja akianguka, wengine watakushika.

Fahamu pia kwamba Serikali yenyewe ni mnunuzi. Tangu mwaka wa 2013 uko mpango wa kutenga asilimia 30 ya manunuzi ya Serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kikundi cha kina mama au vijana kilichoandikishwa katika mpango huo chaweza kuomba zabuni ya kupeleka chakula katika vyuo na hospitali. Lakini soma vizuri sharti la malipo. Ofisi hulipa baada ya muda, na mkulima wako ataka fedha zake leo. Weka akiba ya kungojea.

MASHINE ATAKA KULA KILA SIKU

Ng'ombe wa maziwa hawezi kula siku ya soko tu, na mashine ni vivyo hivyo. Tuseme kiwanda chenu kinatumia viazi kilo 500 kwa siku, siku 5 kwa juma, majuma 50 kwa mwaka. Hizo ni kilo 125,000. Ikiwa ekari moja inatoa kilo 4,000, zatakiwa ekari 31 na kitu, yaani wakulima 63 wenye nusu ekari kila mmoja. Tena si kupanda wote siku moja. Wakipanda wote mvua za masika zinapoanza, viazi vitajaa kwa miezi miwili, halafu mashine italala na njaa.

Hapana budi wakulima wagawane zamu: kundi la kwanza lipande mwezi huu, la pili mwezi ujao, na kuendelea. Walio karibu na mto au mabonde yenye unyevu wapewe zamu za kiangazi, na ndio watunze marando ya kupandia. Wakati wa kiangazi udongo hupasuka, na fukusi huingia katika nyufa akatoboa viazi. Inulia udongo juu ya mashina, na usiache viazi vilivyokomaa vikingoja shambani. Kiazi chenye fukusi kina uchungu. Kimoja kikiingia katika sufuria chaweza kuharibu rojo lote.

MKOPO UPI KWA KAZI IPI

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Mkopo ni kama jembe, na kila jembe lina kazi yake.

Mkopo wa siku chache ni wa biashara inayozunguka upesi. Mfuko wa Hustler ulipoanzishwa tarehe 30 Novemba 2022, ulimpa mtu mmoja mmoja kuanzia Sh. 500 hadi Sh. 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, alipe katika siku 14. Mkopo kama huo wamfaa mama anayenunua samaki asubuhi na kuwauza jioni. Kununulia mashine haufai hata kidogo, kwa sababu mashine haiwezi kuzaa fedha zake katika siku 14.

Mashine yataka mkopo wa miaka. Mikopo ya viwanda vidogo huulizwa katika KIE, katika benki, na katika Sacco yako. Kabla ya kutia sahihi, gawanya deni kwa miezi. Tuseme mmekopa Sh. 600,000 za kulipwa katika miezi 36. Kabla ya kuhesabu riba, hizo ni karibu Sh. 17,000 kila mwezi, viazi viwepo au visiwepo. Andika kiasi hicho ukutani, kila mwanachama akione.

Sasa neno juu ya hati ya shamba. Wazee wetu walioingia katika skimu tangu mwaka wa 1962 walipewa ardhi kwa mkopo wa miaka 30, kwa riba ya asilimia 6 na nusu. Wengi wa watoto wao wakumbuka barua za madeni zilivyokuja mwaka baada ya mwaka. Hati iliyolipiwa namna hiyo si karatasi ya kutoa haraka. Kwa sheria, kuweka rehani ardhi ya kilimo kwataka kibali cha Bodi ya Ardhi, na nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini ya mke au mume. Masharti haya yamewekwa kukulinda. Usitafute njia ya kuyakwepa.

Tena iko njia nyingine ambayo wengi hawajaisikia. Sheria iliyopitishwa mwaka wa 2017 imeruhusu mali inayohamishika, kama mashine, ng'ombe na mazao, iandikwe kuwa dhamana ya mkopo. Mwulize mkopeshaji: je, mashine yenyewe yaweza kuwa dhamana? Biashara ikishindwa, ni heri mashine iende na shamba libaki.

FANYENI PAMOJA

Mtu mmoja hawezi kujaza mashine, wala hawezi kupata bei nzuri peke yake. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997 ilitaka watu wasiopungua 10 kuanzisha chama. Lakini idadi si kitu bila uaminifu. Chama kiwe na mizani inayoaminika, na kila mkulima apimiwe mbele ya macho yake na kupewa risiti. Mkulima akilipwa kwa kilo, lumbesa itakufa yenyewe. Waliokufa ni wengi kati ya vyama ambavyo katibu aliweka hesabu kichwani. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

UTARATIBU WA KUFUATA

1. Tafuta wanunuzi kwanza. Waulize wataka nini, kiasi gani kwa juma, na kwa bei gani. Andikeni mapatano.

2. Jaribu kidogo kidogo jikoni kwa sufuria. Pika, ponda, peleka kwa mwoka mikate, mwache aonje na kusema kasoro zake.

3. Hesabu mazao yenu. Orodhesha wakulima, ekari zao na mwezi wa kila mmoja kuchimba. Mwite Bwana Shamba awasaidie.

4. Andikisha chama au kikundi, fungua akaunti yenye sahihi zaidi ya moja, na changeni hisa zenu wenyewe. Mwenye fedha yake ndani hulala macho wazi.

5. Mwite Bwana Afya alitazame jengo kabla halijakamilika, si baada. Atataka maji safi, sakafu inayooshwa, choo, na cheti cha afya kwa kila mshika chakula.

6. Nendeni ofisi ya KEBS Kisumu mkaulize masharti ya alama ya ubora. Chakula kilichofungwa bila alama hiyo hakitapokewa katika maduka makubwa.

7. Ndipo mwende kuomba mkopo na mashine, mkiwa na daftari mkononi. Afisa akiona mapatano ya wanunuzi, orodha ya wakulima na akiba yenu, atajua anazungumza na watu wa kazi.

Utaona kwamba mashine tumeiweka mwisho. Wengi huanza nayo, na ndiyo sababu huanguka.

NENO LA MWISHO

Sondu ni soko la mpakani. Mjaluo na Mkipsigis wanauziana hapo tangu zamani za wazee, mmoja akileta ng'ombe na mwenzake akileta nafaka. Lakini mwaka wa 1992, na tena mwaka wa 2023, fujo za mpakani ziliua watu na kuvunja biashara. Siku za fujo nanasi liliozea shambani upande mmoja, na samaki akakosa mnunuzi upande wa pili. Hakuna mkopo wa Serikali unaoweza kulipa hasara ya namna hiyo.

Basi mkiunda chama chenu, tazameni ng'ambo ya barabara. Kiwanda kinachotengeneza viazi vya Kabondo kwa miezi kadhaa chaweza kutengeneza mananasi ya Sigowet katika miezi mingine, na mashine isilale. Wakulima wa pande mbili wakiwa na hisa katika mizani moja na sufuria moja, kila mmoja ana sababu ya kumlinda mwenzake. Faida hiyo nayo iandikwe katika daftari.

Anza juma hili. Siku ya soko ijayo, kabla hujauza gunia lako, mwulize mwoka mikate mmoja wa Sondu anatumia ngano kilo ngapi kwa juma, na kama angejaribu kiazi. Jibu lake liandike. Huo ndio mwanzo wa kiwanda.